Marufuku ya kupika hosteli imeshindwa, sasa tujenge majiko

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipangiwa chumba katika hosteli ya chuo hapa Dodoma, hupewa ufunguo pamoja na karatasi ya sheria. Sheria ni nyingi, lakini kuna moja ambayo ni nadra kuikosa: ni marufuku kupika chumbani. Atasomewa siku ya kwanza na matroni au patroni, ataikuta imebandikwa nyuma ya mlango, ataikuta tena kwenye korido. Hata mwezi haupiti, chumba hicho hicho kina sufuria chini ya kitanda, mwiko, mchele ndani ya begi la nguo na jiko la koili lililofichwa nyuma ya ndoo ya maji.

Wakubwa wakiona hivyo husema vijana wa siku hizi hawana nidhamu. Sikubaliani nao. Kijana aliyevumilia miaka sita ya sekondari hadi akafika chuo kikuu hapotezi adabu ghafla kwa sababu ya maharage. Sheria inayovunjwa kila mwaka, na wavulana kwa wasichana, wa kozi zote na wa dini zote, ina kasoro ndani yake yenyewe. Marufuku hii imeshindwa, na kwa jinsi inavyosimamiwa inaongeza hatari ile ile ya moto iliyowekwa kuizuia. Kinachotakiwa ni majiko ya pamoja, moja kwa kila ghorofa, yenye umeme wake na utaratibu wake.

Tuangalie kwanza sheria hii ilikotoka. Waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka kafeteria. Mwanafunzi alikula asubuhi, mchana na jioni, na serikali ndiyo iliyolipa. Mtu aliyewekewa sahani mezani mara tatu kwa siku hakuwa na sababu ya kubeba sufuria chumbani, kwa hiyo kumkataza kupika hakukumnyima kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya uchangiaji gharama, na jukumu la kulisha likaanza kumtoka mwenye chuo na kuhamia kwa mwanafunzi na mzazi wake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Tangu hapo mwanafunzi mwenye mkopo hupewa fedha ya chakula na malazi, ile tunayoiita bumu, akajitegemee. Kafeteria nyingi wakapewa wazabuni, wauze chakula kama mgahawa wowote.

Yaani chuo kilijitoa katika kulisha, lakini hakikujitoa katika kukataza. Nusu ya mapatano ya zamani imefutwa, nusu nyingine bado imebandikwa mlangoni.

Dodoma ilikuwa na nafasi ya kuanza upya. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 katika vilima vya Chimwaga, kwenye eneo la ukumbi ule ambako CCM ilimpitisha mgombea wake wa urais mwaka 2005. Ardhi yake ni kama hekta 6,000, lengo lilikuwa kufikia wanafunzi 40,000, na sehemu kubwa ya majengo iligharimiwa na mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilifungua milango pale ilipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Kabla yao walikuwapo Chuo cha Mipango tangu 1980, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na wengine. Vyuo vikuu hivi viwili vimezaliwa wakati bumu lipo tayari. Kila aliyekaa kuchora hosteli baada ya 2005 alijua kwamba atakayelala humo atajilisha mwenyewe. Hata hivyo, hosteli nyingi za vyuo nilizowahi kuingia, hapa na kwingineko nchini, zimechorwa kana kwamba kengele ya chakula bado inagongwa: vyumba, choo, bafu, sehemu ya kufulia, basi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndiko sheria hii inakokwama.

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, posho ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo imekuwa shilingi 10,000 kwa siku, ikipanda kutoka 8,500. Kwa mwezi ni 300,000. Mtu asiyeishi hosteli anaweza kuona ni fedha ya kutosha. Lakini haiji kila siku, inakuja kwa mkupuo wa wiki kadhaa, na ikichelewa mwanafunzi hawezi kula ahadi. Inatakiwa ilipe kitanda, chakula, sabuni, nauli, bando, kuprinti kazi za darasani, pedi kwa wasichana, na dawa pale bima isipofika. Na wengi wa wanafunzi hawa ni watoto wa wakulima. Bumu likitoka, mdogo wake aliyeko kidato cha pili anapiga simu. "Shikamoo kaka, mama amesema kama kuna chochote." Hataambiwa hapana. Halafu kuna wale wasio na mkopo kabisa, ambao mzazi huwatumia kidogo kidogo kila akiuza gunia.

Chukua bei za kawaida. Chai na chapati mbili, 1,500. Ugali maharage mchana kwa mama lishe, 2,000 hadi 2,500. Jioni tena kiasi hicho hicho, na ukitamani zege, yaani chipsi mayai, unapita 3,000. Kwa siku unatumia 6,500 bila anasa yoyote. Sasa wachukue wanachumba wanne waliokubaliana kuchanga. Unga kilo moja, maharage nusu kilo, nyanya, vitunguu, mafuta na chumvi: chini ya 5,000 kwa wote wanne, na maharage yanabaki ya jioni. Kila mmoja amekula kwa 1,200 hivi, ameshiba, tena amekula alichokichagua. Wakipika milo miwili kwa siku, matumizi ya mtu mmoja yanashuka hadi kama 3,000. Tofauti ya 3,500 kwa siku ni zaidi ya 100,000 kwa mwezi. Katika muhula mmoja fedha hiyo inanunua kompyuta mpakato iliyotumika, na huyo ni mwanafunzi ambaye angekuwa anasubiri zamu ya kompyuta ya mwenzake kuandika ripoti ya fildi, yaani mafunzo ya vitendo.

Mwanafunzi asiyepika na asiye na fedha anapiga pasi ndefu. Wanaoijua hosteli wanaijua: unalala hadi saa tano, unakula mara moja saa nane au tisa alasiri, unameza maji, unaingia kwenye msuli, yaani kujisomea usiku, tumbo likinguruma. Wanaozoea hivyo miaka mitatu wanaondoka na shahada pamoja na maumivu ya tumbo. Hili silisemi kwa kutia chumvi. Waulize waliopita hosteli katika ukoo wako wangapi walianza kunywa dawa za tumbo wakiwa chuo.

Dodoma yenyewe inaongeza uzito. Vyuo vingine viko katikati ya mji, ukitoka getini unakuta mama lishe watano. Chimwaga ni pana, ndaki, yaani vyuo vidogo ndani ya chuo, zimetawanyika, na upepo wa Juni na Julai unavuma na vumbi lake kiasi kwamba kutembea usiku kutafuta sahani ya wali ni kazi. Wakati wa mitihani watu wanakesha kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya kujisomea, hadi saa nane usiku, na saa hizo hakuna kafeteria iliyo wazi. Likizo ndefu ikifika, wanaobaki kwa ajili ya sapu (mitihani ya marudio) au fildi hukuta wauzaji wengi wamefunga kwa sababu wateja wameondoka.

Kuna pia mwezi wa Ramadhani, na hapa ningependa wakuu wa vyuo wasimame kidogo. Daku huliwa alfajiri, kabla ya adhana. Mwanafunzi Mwislamu anayeishi hosteli, aliyekatazwa kupika na asiye na mahali pa kununua saa kumi usiku, afanye nini? Wengi hula mkate na maji, au wali uliolala tangu jioni. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari anayehitaji kula kwa saa maalumu, mwenye vidonda vya tumbo aliyeambiwa na daktari aachane na mafuta ya kafeteria, na dada anayenyonyesha aliyerudi kumalizia mwaka wa tatu. Watu hawa wapo katika kila chuo. Sheria haikuwaona.

Hofu ya wakuu wa vyuo ninaielewa, na ni ya kweli. Nchi hii imezika watoto waliokufa kwa moto bwenini. Juni 1994, wasichana 42 waliteketea Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Agosti 2009, wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa, na chanzo kilichotajwa kilikuwa mshumaa. Anayebeba dhamana ya mamia ya vijana waliolala ghorofa moja juu ya nyingine ana haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe naogopa. Ndiyo maana natazama kwa makini kile ambacho marufuku inakifanya ndani ya chumba, mlango ukishafungwa.

Inakifanya hivi. Kwa kuwa jiko linaweza kunyang'anywa wakati wowote, hakuna mwanafunzi atakayethubutu kununua jiko zuri. Jiko la presha la umeme, lenye kifuniko kinachojifunga na kifaa cha kujizima lenyewe, linauzwa fedha nyingi. Nani aliweke mahali litakapochukuliwa Jumanne? Atanunua koili ya bei ya chini kabisa, ile yenye waya mwekundu uliojikunja wazi juu ya udongo, isiyo na swichi wala kinga. Mchuzi ukimwagika, unamwagikia kwenye umeme. Asiyeweza hata koili huigeuza pasi ya nguo uso juu, akaibana kati ya matofali mawili, akaweka kisufuria cha mayai juu yake. Marufuku haiondoi jiko. Inaondoa jiko salama na kubakisha lile la hatari.

Kisha inalificha. Nimeona chumba cha watu wanne, vitanda viwili vya deka, ambako waya wa ekstensheni ulipita chini ya godoro la kitanda cha chini na kutokea ukutani, ili mkaguzi akiingia asiuone. Jiko lilikuwa chini ya kitanda, limezungukwa na mabegi. Dirisha lilifungwa harufu isitoke, na kanga iliyoloweshwa ililazwa chini ya mlango kwa sababu hiyo hiyo. Soketi ilikuwa imekuwa nyeusi upande mmoja na plastiki yake imeanza kulainika. Walikuwa watoto wazuri, wasikivu, mmoja anasomea ualimu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia fundi wa hosteli kuhusu soketi ile, kwa sababu kumwita fundi ni kujichongea. Hali hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko koili yenyewe: chumba ambamo kila dalili ya hatari lazima ifichwe.

Siku umeme ukileta cheche, wataita msaada mara moja, au watajaribu kwanza kuzima wenyewe na kuficha sufuria? Kila mtu aliyewahi kuwa kijana anajua jibu.

Hata kwa upande wa umeme wenyewe, sheria inajipinga. Zipo hosteli zinazoruhusu pasi na birika la umeme. Pasi ya kawaida ni wati 1,000 na kuendelea, birika linafika 1,500 hadi 2,000. Koili iliyokatazwa mara nyingi ni wati 1,000. Waya wa ukutani haujui kama unachemsha chai au maharage, unajua mzigo tu. Laini ya soketi yenye breka ya ampea 32, kwa volti 230, inabeba takriban wati 7,300. Vyumba saba vikiwasha koili saa moja jioni, laini imejaa. Vikiongezeka viwili au vitatu, breka inaweza kukata. Vyumba vyote vya laini hiyo vinakosa umeme, pamoja na cha aliyekuwa anamalizia kazi ya kuwasilisha saa sita usiku. Tatizo hilo halitatuliwi kwa tangazo. Linatatuliwa kwa kuhamisha mzigo kutoka kwenye laini ya vyumba na kuupeleka kwenye laini iliyojengwa kuubeba.

Kuna jambo la ukaguzi pia. Matroni hawajaajiriwa wawe askari wa sufuria. Kazi yao ni kumjua binti anayelia usiku, anayeumwa na haendi zahanati, aliyeacha kuingia darasani tangu afiwe. Ukimtuma mama huyo agonge milango alfajiri, afungue mabegi na kubeba majiko hadi stoo, umeua imani ambayo ingemfanya mwanafunzi amfuate siku ya shida. Nimezungumza na mama mmoja wa hosteli, mtu mzima, ambaye aliniambia kwa uchungu: "Mwanangu, najua wanapika. Nikisikia harufu napita kama sijasikia. Nikiwanyang'anya watakula nini?" Chuo kinachomlazimisha mtu mwema kufumba macho ili awe mwema kinapaswa kujiuliza.

Wapo watakaosema anayetaka kupika ahamie mtaani, akapange geto. Wengi wamefanya hivyo, na hapo tunaona gharama nyingine ya marufuku. Jiji hili siyo lile la 2007. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini ni baada ya 2016 ndipo wizara zilipokuja kweli kweli. Sensa ya 2012 iliwakuta watu zaidi ya 410,000 katika eneo la jiji. Ya 2022 ikawakuta zaidi ya 765,000. Mwenye nyumba wa Makulu, Iyumbu au Ng'ong'ona sasa ana mpangaji mwenye mshahara anayegonga mlango ule ule aliogonga mwanafunzi. Kodi inadaiwa ya miezi mitatu au sita kwa pamoja. Mwanafunzi anayeacha kitanda cha chuo ili apate mahali pa kuweka jiko analipa zaidi, anatembea zaidi, na akiwa msichana anarudi kutoka diskasheni saa nne usiku kwenye njia isiyo na taa. Kitanda salama alikuwa nacho. Kilichomfukuza ni sufuria.

Mende na panya? Watakuwapo penye uchafu, na kwa sasa mabaki ya chakula yanakaa chini ya vitanda. Jiko la pamoja lenye pipa linalotolewa kila asubuhi litawapunguza. Hoja hii sioni haja ya kuikalia.

Ya mama lishe na wazabuni wa kafeteria ni nzito zaidi, kwa sababu ni riziki za watu. Ninaamini hawatakosa wateja. Mwanafunzi mwenye kipindi cha saa mbili hadi saa saba hatapanda hosteli kupika mchana. Atanunua. Atakayepika ni yule ambaye leo hanunui kabisa kwa sababu hana, au anapika kwa kujificha. Anayepoteza ni mzabuni anayeuza chakula kibaya kwa bei kubwa akijua watu hawana pa kwenda, na huyo sina machozi naye.

Jiko ninalolizungumzia halihitaji ufahari. Chumba kimoja kwa kila ghorofa, kikubwa kama vyumba viwili vya kulala, chenye meza ya zege pande mbili, sinki, madirisha mapana yanayoelekea nje, sakafu ya kuosheka, kizimamoto na blanketi la moto ukutani. Soketi zake ziwe na laini yake kutoka kwenye boksi kuu, kila moja na breka yake, na mita ya LUKU ya peke yake ili anayepika alipe umeme wake bila ugomvi na chuo. Saa za kufunguliwa zijulikane, na Ramadhani ziongezwe hadi alfajiri. Koili zipigwe marufuku humo ndani, na hapo marufuku itakuwa na maana, kwa sababu mwanafunzi atakuwa amepewa njia nyingine.

Majiko yenyewe yawe ya presha ya umeme, mali ya hosteli, yaliyofungiwa mezani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, na kila aliyepika maharage hapa kwa sufuria ya kawaida anajua yanavyokaa motoni. Jiko la presha la wati 1,000 huyaivisha kwa uniti moja au pungufu, kwa kadiri ya ugumu wake. Kwa bei ya karibu shilingi 360 kwa uniti, ni fedha ambayo wanachumba wanne hawawezi kuilalamikia.

Maji ndiyo kikwazo cha kweli cha mpango huu, na sitakipunguza. Jiji linategemea zaidi visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, na mahitaji yamepanda pamoja na watu. Hosteli inayopata maji kwa mgawo haiwezi kufungua jiko halafu sinki likakauka. Kwa hiyo kila jiko liambatane na tenki lake, na mvua ya Desemba hadi Aprili, ingawa ni chache, ivunwe kwenye mapaa makubwa ya hosteli badala ya kuachwa ikachimbe makorongo.

Hili siyo jambo la ajabu duniani. Nchini Uingereza na Ujerumani, hosteli ya wanafunzi yenye jiko la pamoja ni kitu cha kawaida kabisa. Wahadhiri wetu wengi waliosoma huko wamepika ugali kwenye majiko hayo, wakimwagiza rafiki anayekuja kutoka nyumbani awaletee unga na dagaa. Wanajua linavyofanya kazi, wanajua halikuunguza jengo. Ndio wanaokaa kwenye vikao vya seneti leo.

Na serikali yenyewe imeshasema. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Viongozi wanazunguka mikoani kuhimiza watu waache mkaa, wapikie gesi na umeme. Watakaokuwa na nyumba zao mwaka 2034 ni hawa waliopo hosteli sasa. Tunawataka wapende jiko la umeme, na tunawaita kwenye kamati ya nidhamu wakikutwa nalo. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja, na la kuacha ni la pili.

Muda wa kulifanya ni huu. Vyuo vya umma vimekuwa vikijenga kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu kwa mkopo wa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia ulioanza 2021, na vingine vinajenga au kukarabati kwa fedha zao. Kuchora jiko kwenye ramani kunagharimu kidogo. Kuvunja ukuta na kupitisha nyaya baada ya miaka kumi kunagharimu mara nyingi. Kwa majengo yaliyopo, chuo kianze na ghorofa moja katika jengo moja, kichukue vyumba viwili vya mwisho wa korido, kiviunganishe, na kilinganishe mwaka mmoja wa ghorofa hiyo na nyingine: breka zimekatika mara ngapi, soketi ngapi zimeungua, wangapi wamehama. Takwimu hizo fundi wa hosteli anaweza kuziandika kwenye daftari.

Wawakilishi wa wanafunzi wana viti kwenye mabaraza ya vyuo vyao. Ramani ya hosteli mpya ikiletwa mezani, wasiishie kuuliza ina vitanda vingapi. Waulize jiko liko ghorofa gani, na waombe jibu liingie kwenye muhtasari wa kikao.